Palipobonyea

Falone aliona kwanza jasho: mstari mwembamba kama unywele, pale risasi ya jana ilipobonyeza bomba la maji la mtaa wa Mudzipela bila kulitoboa.

Tundu la risasi nyingine kaka yake alikuwa amekwisha kulifunga kwa mpira wa baiskeli. Maji yalikuwa yakipita kidogo tu. Kaka akashika koki ayafungulie yote.

"Yaya, ngoja," Falone alimwambia kaka yake. "Hapa palipobonyea patapasuka."

"Tundu yenyewe imenyamaza, weye unaogopa alama?" Akacheka. "Ikipasuka, mutachota ku muto kama zamani."

Falone aliweka kidole juu ya ule mstari. Chuma kilikuwa baridi, kikitetemeka kidogo.

"Ku muto sitarudi, yaya. Siku ile nilirudi toka kule nimeumia, nilisema niliteleza. Sikuteleza. Watu wa bunduki walinikamata kwa nguvu."