Kindege Kwenye Ramani

Kindege cha bluu kilikuwa kimefika chini ya milima, na mke wa rubani alikuwa hapepesi macho.

Nje, mvua ilikuwa imeng'oa bati la banda la kuku. Kompyuta ya mumewe ilikuwa mezani, wazi kama alivyoiacha asubuhi alipotoka mbio kupeleka chanjo upande wa pili wa nchi, peke yake, na ndege yake ya injini moja. Ulikuwa ukurasa ule ule wa mtandaoni anaopangia safari zake: ramani, mstari wa njia, mafuta, upepo, saa ya kutua. Mke hakuwahi kuuelewa. Mambo ya kupaa yalimtia kichefuchefu hata akiwa amekaa kitini. Leo tu ndiyo aliona kindege kinatembea juu ya mstari, akavuta kiti.

"Zima hicho kidude," mama mkwe alisema kutoka kochini. "Mwanangu hatunaye tena. Nimejua tangu radi ya kwanza."

"Mama, usimchurie. Huyu hapa, anakwenda taratibu, hatikisiki hata kidogo."

"Maji yakimwagika hayazoleki."

Mama huyu alikuwa mtu wa kuona kaburi kwenye kila mafua, kwa hiyo nyumba nzima ilishazoea kutomsikiliza. Lakini tuseme ukweli, mke naye alikuwa ameishiwa. Tumaini lake lote lilibaki ndani ya kile kindege, nacho hakikuzidi punje ya mchele.

Simu ikalia. Alikuwa mwongoza ndege wa uwanja mdogo alikoondokea mumewe, rafiki yake wa siku nyingi.

"Shemeji, sikufichi. Mawasiliano yake yamekatika ghafla, karibu na milima. Nina ndege moja ya kumtafuta na rubani wake yuko tayari, ila kwa upepo huu naye anaweza asirudi. Giza likiingia haruki tena mpaka kesho. Na mtu akianguka kule juu, kwa baridi ile, hafiki asubuhi."

Akageukia skrini. Kindege kilikuwa juu ya kilele, kikapita, kikaanza kuteremka upande wa pili.

"Amevuka!" alipiga kelele. "Shemeji, amevuka milima! Namwona hapa kwenye kompyuta, sasa hivi!"

"Unamwona? Una uhakika?"

"Kwa macho yangu mawili! Redio itakuwa imeharibika tu. Usimtoe kafara mtoto wa watu bure."

Mwongoza ndege akashusha pumzi. "Mungu mkubwa. Basi namwambia huyu rubani wangu azime injini."

Mama mkwe akanyanyuka kochini kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaja kusimama nyuma ya kiti, mkono begani mwa mkwewe. Hawakuwahi kushikana hivyo tangu harusi. Wakakisindikiza kindege kuvuka mto, kupita bonde, mpaka ncha ya mstari, huku dirishani giza likitanda. Kikasimama.

"Ametua," mke alisema, akaangua kilio cha furaha.

Maandishi yakajitokeza katikati ya ramani: "Onyesho la safari uliyopanga limekamilika. Ungependa kulitazama tena?"