Ukikwama, Nipigie

Zilibaki dakika ishirini harusi ianze, na kompyuta ya mzee wa kitanda cha nne ilikuwa bubu kama mwenyewe.

"Imejisasisha alfajiri bila kuuliza mtu," alisema fundi Pyo, akikodolea kioo cheupe. "Shida ni kwamba programu hii ya kuandikia kwa macho haisimami yenyewe. Imepandishwa mgongoni mwa kivinjari, hiki hiki cha kusomea mtandao. Kivinjari kikibadilika, nayo chali."

Mlezi Mal-sun, aliyeanza kazi Jumatatu, alikuwa akimvisha mzee glavu nyeupe za baba wa bibi harusi. Alivisha kidole kimoja kimoja, maana vidole vyenyewe havikuwa na nguvu tena. Mzee alikuwa amebakiwa na macho tu. Kwa macho hayo alikuwa ameandika hotuba, herufi kwa herufi, siku arobaini. Saa sita kamili kompyuta ilitakiwa kuisoma kwa sauti, huko Seoul ukumbini wamsikie.

"Na hotuba imo humo humo?"

"Huenda. Dawa ninayoijua mimi ni kufuta kumbukumbu zote za kivinjari. Programu itaamka, ila hotuba inaweza kwenda na maji."

"We fundi! Siku arobaini!"

"Ndiyo maana naogopa, mama. Mpigie binti yake."

"Anapambwa, hapokei. Yeye kazi yake kunikumbusha simu ya babu isitoke kwenye chaji. Sijui babu atampigia nani."

Pyo alichungulia ndani ya mafaili ya programu. "Mjinga gani aliandika hivi? Si angeipa dirisha lake yenyewe, ijitegemee!" Kisha akasogeza uso karibu na kioo. "Ahaa. Kaacha namba. 'Ukikwama, nipigie.'"

Macho ya mzee yakaanza kukimbia huku na huku. Mal-sun akainama. Kupepesa mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana.

"Unaumwa, babu?" Mbili.

"Kiu?" Mbili.

"Haja?" Mbili, kwa nguvu.

Maswali yakamwishia, na roho ikamuuma. "Basi usihangaike. Fundi anampigia mwenyewe aliyeiandika. Huyo ndiye anajua."

Mzee alipepesa mara moja. Halafu akaendelea kupepesa, mpaka machozi yakamtoka.

Pyo alitoka kupigia koridoni, akaurudisha mlango.

Droo ya kando ya kitanda ikaanza kutetemeka. Mal-sun aliitoa simu ya mzee, akatazama. Namba ngeni.

"Watu wa matangazo! Hata leo hawana haya?"

Mzee alipepesa mara mbili. Tena mbili. Tena mbili.

"Najua, babu, wanakera." Akaikata, kisha akaizima kabisa.

Pyo alirudi kichwa chini. "Kanikatia. Nimepiga tena, kazima simu kabisa. Watu wengine hawana utu."

Akaketi, akabonyeza *Futa Vyote*.