Anwani Isibadilike

Theoneste Hategekimana aliweka kiganja juu ya kompyuta ya zamani, akakataa izimwe.

"Mzee, ni kwa muda mfupi tu," alisema Egbert, fundi aliyetoka Bukoba. "Nimeitwa kuhamishia barua pepe za ofisi kwenye mashine mpya, basi."

"Na zangu?"

Egbert alimgeukia Mama Placida, mkuu wa ofisi. Egbert alikuwa ameambiwa habari za anwani moja tu, ya ofisi.

"Kuna ya pili," alisema Mama Placida kwa sauti ya chini. "Mhasibu aliyeondoka alimfungulia. Mzee ana dada yake Ubelgiji."

"Basi tumfungulie mpya, rahisi zaidi."

"Hapana," alisema Theoneste. "Anwani isibadilike. Siku akiamua kuniandikia, ataandika kwenye ile ile."

Ilikuwa Kayanga, wilayani Karagwe, mwishoni mwa mwaka 1998. Kambi za wakimbizi zilikuwa zimeshafungwa, na ofisi ile ilibaki kuotesha miche kwa ajili ya vilima vilivyomalizwa miti kwa kukata kuni. Theoneste ndiye aliyetunza kitalu. Wenzake walivuka mto Kagera kurudi Rwanda. Yeye alibaki, kwa sababu mama yake alizikwa kambini na ng'ambo hakuwa na mtu. Alipanga chumba mtaa wa Ndama, akapika ndizi zake na kuzila peke yake. Jumapili aliketi benchi la nyuma kanisani, akatoka kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Ndugu pekee aliyebakia alikuwa Nyirabahire, mdogo wake, aliyekwenda Ubelgiji kabla ya vita kuhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Muuguzi mmoja wa kambini aliporudi kwao Ulaya ndiye aliyempatia dada huyo anwani ya Theoneste. Barua ya kwanza, iliyotoka kwenye anwani ya ile nyumba ya wazee, ilikuwa fupi: "Nasikia uko hai, uko Karagwe. Kama ni wewe, niambie."

Theoneste alijibu siku hiyohiyo, kwa kidole kimoja, hadi wenzake wa ofisini wakafunga madirisha. Alimweleza jinsi mama alivyokufa na nani alimshika mkono. Kompyuta ikalalamika kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi yake. Akabonyeza OK, barua ikaingia kwenye kisanduku ambacho mhasibu alimwambia jina lake lina maana ya "nje". Akaridhika. Imeshatoka.

Miezi ikapita. Barua ya pili ilikuwa na neno moja tu: "Nakusubiri."

Theoneste alilia kwa furaha. Dada alikuwa anamwita Ulaya! Alimjibu kwamba hana pasi ya kusafiria wala nauli, ampe muda.

Kisha kimya. Aliandika kwamba haombi chochote. Akaandika kwamba asimwonee haya. Krismasi ikaja, Pasaka ikaja, naye akaandika tu habari za mvua na miche. Mwisho alielewa: aliyezoea Ulaya huchoka na ndugu wa kambini.

"Mlikosana?" aliuliza Egbert. Alikuwa amekubali kuihamisha na ile anwani ya pili, na sasa alinakili kila kitu: jina la mtumiaji, neno la siri, namba ya simu ya kupiga Mwanza ili kuunganishwa.

"Yeye ndiye aliyekosana nami. Mimi bado namwandikia."

Egbert alifika kwenye jina la mtambo wa kutuma barua, mkono ukasimama. Aliangalia la ofisi, akarudi kwenye la Theoneste.

"Mzee, hapa nani aliandika?"

"Mhasibu."

"Ameruka herufi." Akafungua kile kisanduku cha "nje". Barua zilikuwemo zote, kuanzia ya kwanza hadi ya juzi. "Za kuja zilikuwa zinakuja, mzee. Za kwenda hazijawahi kwenda."

Theoneste aliifungua tena ile barua ya pili. Nakusubiri. Akaketi sakafuni palepale, mgongo ukutani.

"Pole, baba," alisema Mama Placida.

"Zitume," alisema Theoneste. "Zote."

Egbert alirekebisha jina, akapiga Mwanza. Modemu ikapiga kelele zake, na barua zikaanza kuondoka, moja baada ya nyingine. Theoneste akaongeza ya mwisho: "Nyirabahire, sikunyamaza. Ni mashine. Niko hapa hapa Kayanga. Usichoke."

Jibu halikuja siku ile, wala kesho yake. Kazi ya Egbert ilikuwa imekwisha, lakini hakuondoka, alisingizia printa. Alifungua pakiti ya senene wa kukaangwa aliotoka nao Bukoba, wakala wote watatu juu ya meza ya mhasibu. Mama Placida hakuwahi kumwona Theoneste akila mbele ya watu. Mzee alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani. Mpaka mama mwenye nyumba kule Ndama alikuwa ameambiwa: nina dada Ubelgiji, hakunitupa.

Asubuhi iliyofuata barua iliingia. Ilikuwa ya Kifaransa, kutoka kwa Therese, msimamizi wa ile nyumba ya wazee. Mama Placida aliomba kusikia, naye Theoneste akaisoma kwa sauti, akitafsiri polepole.

"Bwana Hategekimana, nimesoma barua zako kwa uchungu. Nyirabahire hatuko naye tena tangu mwaka jana."

Mama Placida alifanya ishara ya msalaba. Theoneste akaendelea.

"Ulipokosa kumjibu, aliwaamini waliomwambia kwamba ulizikwa kambini pamoja na mama yenu. Aliacha kazi, akarudi Rwanda, akatafuta nyumba ng'ambo ya mto hapo; ameniandikia kwamba mlango wake unatazama vilima vya Karagwe, na kila jioni huketi hapo kukuombea."