Farasi Aliyekufa Mtoni

"Leo atayameza maneno yake mbele za watu," kitindamimba wa mwandishi alimnong'oneza mama yake, akapanda jukwaani.

Hakuwa na amani tangu barua ile itoke gazetini. Fundi cherehani mmoja, mwanamke asiyejulikana na yeyote, alikuwa ametaja mambo matatu yasiyopatana katika kitabu cha marehemu baba: hadithi ya malkia na farasi wa ajabu, inayosomwa shuleni mwaka wa arobaini sasa. Mji mzima ulicheka. Mama alilia siku mbili. Marehemu aliacha ualimu kwa sababu ya kitabu hicho kimoja tu, halafu leo mshona viraka anakitoboatoboa! Ndipo kitindamimba akamwalika kwenye maadhimisho, ukumbi wa maktaba, amvue nguo hadharani.

Fundi alikaa kiti cha mbele, miwani puani, mkoba mapajani.

"Haya, mama, uliza."

"Farasi anakufa mtoni. Mbona baadaye anampandisha malkia mlimani?"

"Ule ni mzuka wake. Ndiyo maana kwato hazitoi sauti."

Ukumbi ukapiga makofi.

"Na yule mlinzi kiwete? Wakishavuka tu, anakimbia."

"Maji yalimwondolea laana."

"Na malkia kumsahau mwanawe wa kumzaa?"

"Aliuza kumbukumbu zake ili avushwe. Mama yangu, fasihi si kushona vifungo!"

Watu wakaangua kicheko, mama yake akiwa wa kwanza. Kitindamimba alisikia raha mpaka kwenye kucha. Kisasi kitamu, asikudanganye mtu.

Fundi hakukasirika. "Majibu mazuri, mwanangu. Umeyatunga mwenyewe?"

Alikuwa ameyapika wiki tatu nzima, lakini hakupepesa jicho. "Nimeyapata kwa baba, kwa mdomo wake. Hakuna kilichotokea katika hadithi ile asichokijua."

"Umesema hivyo mbele ya wote hawa?"

"Nimesema, na narudia."

Fundi akafungua mkoba. Akatoa daftari la shule lililochakaa, limejaa mwandiko wa kitoto, akaomba kipaza sauti.

"Basi niwasomee yaliyotokea kati ya mto na mlima," akasema. "Siku mwalimu alipokusanya madaftari yangu akasahihishe, hili la katikati nilikuwa nimelisahau nyumbani."