Mtoto wa Chini ya Upanga

"Simamisha hapo hapo!" walipaza sauti wanawake wawili kwa pamoja, na mwenye ukumbi akasimamisha filamu.

Kwenye pazia, mfalme mwenye hekima alikuwa amenyoosha mkono. Mbele yake askari alimning'iniza mtoto mchanga kwa mguu mmoja, upanga juu. Uso wa mtoto haukuonekana. Kilichoonekana ni mgongo, makalio na nyayo.

"Mwanangu," alisema mwenye duka.

"Wangu," alisema mshonaji.

Walivutana hivyo tangu ujana wao. Filamu ilipopigwa, wote wawili waliazimisha watoto wao, ili mmoja akichoka mwingine aingie. Mtoto wa mwenye duka sasa alikuwa baba mzima mwenye upara, amekaa siti ya nyuma akitamani ardhi immeze. Wa mshonaji alikufa kwa homa kabla hajaanza kutembea, wala hakuacha picha nyingine.

Ukumbi ulikuwa unafungwa kabisa. Mwenye ukumbi alikubali kuchapa picha moja, kwa mama mmoja, na hakutaka kelele. Ndiyo maana aliitwa mzee aliyetunza vifaa vya filamu ile: mataji, ngao, mapanga.

"Nyayo hizo ni za ukoo wetu," alisema mwenye duka. Kule nyuma, mwanawe alivuta viatu vyake chini ya siti. "Halafu tazama alivyotulia, baba. Upanga huo kichwani, hata hatikisiki! Wangu hakuwa mtoto wa kulialia."

"Wangu ndiye aliyekuwa mpole," alisema mshonaji. "Baba, wewe sema tu. Nitakubali."

Mzee alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa pazia.

"Huyu nilimkabidhi askari kwa mikono yangu," alisema. "Namjua."

"Ni wa nani?"

"Wa mshonaji."

Mwenye duka alimtazama kama mtu aliyemuuzia unga wenye mchanga, akamwita mwanawe waondoke. Mwanawe alikuwa ameshafika mlangoni.

Mshonaji alilia bila kuficha uso.

"Ulipombeba, baba, alikuwa mzito?"

"Mwepesi," alisema mzee. "Mwepesi sana."

Mzee alipofika nyumbani kwake alifungua kabati, akamtoa mtoto wa mpira, akampangusa vumbi kwenye nyayo, akamlaza tena ndani ya boksi, kando ya upanga.