Kinywa Namba Kumi na Saba

"Mchinjaji gani huyu?" aliuliza Profesa Aristóbulo Londoño, na darasa likacheka kabla hajamaliza.

Ukutani kulikuwa na picha ya ufizi, kubwa kama mlango. Jino la kupandikizwa, lile la nyuma ya chonge, lilikuwa limeachwa uchi: ufizi umepanda juu, skrubu inayolishika yang'aa, ukingo mwekundu kama kidonda. Katika chuo kile cha udaktari wa meno cha Manizales, Kolombia, vinywa vilivyojadiliwa kila Alhamisi vilikuwa na namba tu. Sura haikuonyeshwa, jina halikutajwa.

Zamu ilikuwa ya Maryluz Ocampo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwenye sauti ya kuomba radhi.

"Namba kumi na saba," alisema. "Mfupa bado mzima, Profesa. Naomba ruhusa nikate kipande cha nyama kwenye kaakaa, nikishone hapa. Ufizi ukinenepa, jino litadumu miaka mingi."

"Binti, ulikuja kusomea meno au cherehani?" Kicheko. "Nani alilipandikiza?"

"Mgonjwa anajisifu alimchagua bingwa, kule Bogotá."

"Bingwa? Huyo ni *tegua*, fundi wa uchochoroni asiye na cheti! Na mgonjwa mwenyewe juha. Tazameni uchafu huo. Mtu anayepiga mswaki kama anapaka chokaa hastahili nyama ya kaakaa, hata iwe yake."

"Lakini jino likitoka, litaacha pengo. Naye kazi yake ni kuzungumza."

"Basi anyamaze, tupumzike."

Wa mstari wa mbele walicheka zaidi. Ndio waliotaka alama.

Maryluz aliinyoshea picha kidole. "Ningeomba uangalie tena, Profesa. Tafadhali."

"Miaka thelathini na nne naangalia vinywa, mwanangu. Kinywa cha mpumbavu hakiangaliwi mara mbili. Ng'oa. Lete karatasi niandike mwenyewe, usije ukashona kwa siri."

Akaandika: *Ling'olewe leo.* Akatia sahihi iliyojaza nusu ukurasa, akapangusa masharubu.

Maryluz aliisoma karatasi polepole, kisha akakivuta kiti cha wagonjwa kilichokuwa pembeni, akawasha taa yake.

"Picha hii niliipiga Jumanne, uliponiambia nijaribu kamera mpya kinywani mwako," alisema. "Karibu ukae, Profesa."