Macho ya Bi Kuruthumu

Daktari Kihampa alimshika mkono Bi Kuruthumu, akamwongoza hadi kwenye kiti chake cha zamani pale maabarani. Kwenye kiti hicho bibi huyo alikaa miaka ishirini akibandua fuwele kwa selotepu, tabaka baada ya tabaka, mpaka ziwe nyembamba kuliko utando wa buibui.

Ndiye aliyeandika daftarini kwamba sumaku ikikaribia, mwanga wa fuwele husogea kuelekea wekundu. Kihampa, wakati huo kijana mwenye shahada mpya, aliukata mstari ule kwa wino mbele ya watu wote. "Macho yamechoka, mama," alimwambia. "Nenda ukapumzike." Naye akaenda.

Jana mashine mpya ilimwonyesha Kihampa kitu kilekile. Akamwita bibi aje ajionee. Alipomwona mlangoni akipapasa ukuta, ndipo alipojua kwamba macho yale sasa hayaoni kabisa.

Bi Kuruthumu alilitafuta kwa vidole gurudumu la kusogezea sumaku, akalizungusha polepole.

"Umesogea?"

Kwenye skrini, mwanga wa fuwele uliteleza taratibu kuelekea wekundu.

"Umesogea, mama."

"Una hakika? Isije ikawa ni macho tu."

Bibi akairudisha sumaku nyuma, akaisogeza tena, uso ameuelekeza kwenye skrini asiyoiona, akingoja kuambiwa.